Makipa wetu tunawahukumu mapema mno, waulizeni watu wa hoki ya barafu

Naanza na msimamo wangu kabisa ili tusizungushane. Makipa wetu, hapa Dodoma na Tanzania kwa ujumla, tunawakatia tamaa mapema mno, na ushahidi wangu leo siutoi kwenye soka, nautoa kwenye hoki ya barafu, mchezo ambao Dom hii hatuna hata uwanja wake, barafu tunayoijua sisi ni ile ya ubuyu ya kwenye kifuko. Najua kuna mtu keshaguna hapo, hoki inatuhusu nini sisi, lakini naomba avumilie kidogo maana sijaona mchezo unaomtesa kipa na kumpima kipa kama ule, na wale jamaa wamekaa miaka na miaka wanahesabu kazi ya kipa wakati sisi bado tunabishana vijiweni nani kafungwa goli la kizembe.

Mechi zao nyingi za Marekani na Kanada kwetu zinaanza saa 9 usiku, kwa hiyo anayezifuatilia huku ni mtu wa bando la usiku na usingizi wa mang'amung'amu, na mimi ni mmojawapo. Na wala sio kwamba Afrika Mashariki haigusi kabisa mchezo huu, Nairobi kuna timu inaitwa Ice Lions, wanacheza kwenye kiwanja cha barafu kilichopo ndani ya hoteli ya Panari, na mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa hoki ni kama... niseme tu ni majina makubwa kabisa ya kizazi chao.

Kwa asiyeujua: uwanja una urefu wa mita 61 hivi kwa upana wa 26, wachezaji 6 kila upande akiwemo kipa, wanateleza kwa viatu vyenye chuma chini, mikononi wana magongo, na wanachogombania sio mpira wa duara bali kisahani cha raba ngumu wanakiita paki, upana sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito gramu 156 mpaka 170, tena kabla ya mechi kinagandishwa kwanza ili kisidundedunde. Goli lenyewe dogo, upana mita 1.83 na urefu mita 1.22, mtu mzima akisimama pembeni yake linamfika kifuani tu. Ukiona kipa alivyojaa mapedi pale unaweza kusema sasa huyu anafungwaje, goli lote kalijaza yeye. Anafungwa, tena sana, kwa sababu kile kisahani kinakuja kwa kasi ambayo jicho linakipoteza. Zdeno Chara, beki wa Boston, mwaka 2012 kwenye shindano la kupima nguvu za mashuti alipiga la kilomita 175 kwa saa. Na kwenye mechi shuti haliji mbele ya kipa peupe, mbele yake kuna msitu wa miguu, wapinzani wanajipanga makusudi kumziba macho, wengine wananyoosha gongo kulibadilisha shuti njia likiwa mita 2 tu kutoka kwake.

Zamani walikuwa wanayakabili hayo uso mtupu. Jacques Plante wa Montreal tarehe 1 Novemba 1959 pale New York alipigwa usoni na shuti la Andy Bathgate, akaenda kushonwa, akamwambia kocha wake harudi golini bila kinyago, na kocha hakuwa anakitaka kabisa kinyago kwa sababu aliona kipa mwenye kinyago atakuwa mwoga au hataona vizuri. Ilibidi akubali tu, timu hazikuwa na kipa wa pili wa kukaa benchi kipindi kile. Na Glenn Hall alikuwepo enzi hizo hizo, alicheza mechi 502 mfululizo kuanzia 1955 mpaka 1962, hakukosa hata moja, hana kinyago, na inajulikana kabisa kwamba alikuwa anatapika kabla ya mechi kwa presha. Mtu anatapika, anaingia golini, miaka 7. Nikisikia shabiki jukwaani anasema kipa kazi yake kusimama tu huwa namkumbuka Hall.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo na naomba usiruke.

Kule kipa anapimwa kwa asilimia ya kuokoa. Mashuti mangapi yamelenga goli, mangapi kayazuia, basi. Siku hizi wastani wa ligi yao kubwa, NHL, unacheza kwenye asilimia 90. Anayefika 92 ni kipa wa maana, anayeshuka 88 anaanza kutafutiwa mbadala. Angalia vizuri hilo pengo, kati ya kipa wa kawaida wa asilimia 90 na kipa hatari wa asilimia 92 tofauti ni magoli 2 kwenye kila mashuti 100. Mawili tu! Na ili uione hiyo tofauti kwa uhakika, usije ukadanganywa na bahati, unahitaji mashuti mengi sana, na wao wanayo, maana kipa wa hoki mechi moja anapigiwa mashuti 25 mpaka 30 hivi yaliyolenga goli, msimu una mechi zaidi ya 80, kipa namba moja akicheza 55 au 60 kati ya hizo tayari ana mashuti 1,500 na zaidi kwenye daftari. Na hata na mashuti yote hayo bado wanakosea kumsoma kipa. Wanakosea sana tu, nitaonyesha.

Njoo kwetu. Ligi Kuu ina timu 16, kila timu mechi 30. Tuseme kipa wetu anapigiwa mashuti 4 yaliyolenga goli kwa mechi, na acheze zote bila kuumia wala kupumzishwa, kitu ambacho ni nadra. Hayo ni mashuti 120 msimu mzima. Kipa wa hoki mashuti 120 anayamaliza kwenye mechi 4 au 5, yaani wiki moja na nusu, mbili. Kwa hiyo mtu anayesema fulani msimu huu kaonyesha hafai, kiuhalisia anasema nimemuona kwa wiki mbili nimeshamaliza naye. Na yule anayesema baada ya mechi 3, huyo ana mashuti 12 mkononi. Kumi na mbili! Kule kwenye hoki hayo ni ya nusu mechi, hata mtangazaji hajaanza kutoa maoni yake.

Kuna atakayesema shuti la soka sio sawa na la hoki, goli letu kubwa zaidi, penalti ziko, kona ziko, kipa wa soka anatakiwa kutoka, kucheza kwa miguu, kupanga mabeki. Kweli kabisa, nakubali, na ndiyo maana sisemi tubebe ile asilimia yao kama ilivyo. Ninachosema ni kwamba kama mchezo wenye mashuti mara 6 au 7 ya ya kwetu unahitaji miaka kumjua kipa, sisi wenye machache tungetakiwa kuwa wavumilivu kuliko wao, na tunafanya kinyume. Klinishiti ndiyo kabisaa, kile ni kipimo cha timu nzima, kipa anaweza kukaa dakika 90 hajagusa mpira wa hatari akaandikiwa klinishiti, na mwenzake upande wa pili kaokoa 7 kafungwa 1, Jumatatu kwenye magroup huyo wa 7 ndiye anatukanwa.

Sasa kwenye kukosea kwao. Hakuna mfano mzuri kuliko Dominik Hasek, na huyu nitamkalia kidogo maana historia yake nikiisoma upya kila mara najiuliza ingekuwaje kama angezaliwa kwenye mazingira yetu.

Hasek ni Mcheki, kazaliwa 1965 mji wa Pardubice, enzi hizo nchi ni Czechoslovakia. Mwaka 1983 Chicago walimchagua kwenye uteuzi wa vijana wa NHL, ule ambao timu zinachagua vijana kwa zamu, ila raundi ya 10, huko chini kabisa ambako majina yanasomwa wakati watu wameanza kuondoka ukumbini. Hakwenda Marekani mpaka 1990. Yaani kafika ana miaka 25, na kafika kukuta Ed Belfour yuko golini, Belfour ambaye msimu huo huo alibeba tuzo ya kipa bora, inaitwa Vezina. Kwa hiyo Hasek akakaa benchi. Misimu 2 Chicago kacheza mechi 25 tu, pamoja na kwamba fainali ya 1992, fainali yao inachezwa mpaka mechi 7, aliingizwa kwenye mechi ya 4 baada ya Belfour kufungwa haraka haraka. Kiangazi hicho wakamtoa kwa Buffalo. Buffalo nako wakamleta Grant Fuhr, kipa mwenye makombe, Hasek tena akawa wa kusubiri. Mwaka 1993 zikaanzishwa timu mbili mpya, Anaheim na Florida, na sheria ilikuwa zinaruhusiwa kuchukua wachezaji ambao timu zao hazijawalinda. Buffalo hawakumlinda Hasek. Na wale wageni wawili wenye shida ya wachezaji, wanaoanza kutoka sifuri, wote wakampita. Bure kabisa hawakumtaka.

Miezi michache baadaye Fuhr akaumia. Hasek akaingia golini ana miaka 28 anakwenda 29, na msimu huo huo wa 1993/94 akamaliza na asilimia 93 ya kuokoa na wastani wa kufungwa 1.95 kwa mechi, chini ya magoli 2, kitu ambacho kwenye ligi ile kilikuwa hakijaonekana kwa takriban miaka 20. Akachukua Vezina. Kwenye mtoano mwaka huo tarehe 27 Aprili 1994 walicheza na New Jersey, mechi ikaenda muda wa nyongeza mara 4, Hasek akaokoa mashuti 70 hajafungwa hata moja, wakashinda 1 kwa 0. Upande wa pili golini alikuwa kijana wa miaka 21 anaitwa Martin Brodeur, mkumbuke, nitamrudia.

Baada ya hapo Hasek akaongeza Vezina mpaka zikawa 6, akawa kipa pekee kuchukua mara 2 tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, 1997 na 1998. Na Olimpiki ya Nagano 1998 ndiyo iliyomfanya awe wa kuhadithiwa. Nusu fainali na Kanada, Kanada ile yenye Wayne Gretzky, anayehesabiwa na wengi mchezaji bora wa hoki wa wakati wote, sare 1 kwa 1, wakaenda kwenye penalti za hoki. Penalti ya hoki sio kama yetu, mpigaji anaanza katikati ya uwanja, anakuja na paki anateleza kwa kasi anakuyumbisha kulia kushoto, wewe kipa huruhusiwi kosa la nusu hatua. Wakaja 5 wa Kanada mmoja baada ya mwingine, Theo Fleury, Bourque, Nieuwendyk, Lindros, Shanahan. Tafuta video uangalie huyu mtu alivyokuwa anadaka, hana mtindo wowote wa kwenye kitabu, anajitupa chini, mguu huku mkono kule, gongo anaweza hata kuliachia akakamata kwa mkono mtupu, makocha wengi wangemrekebisha mpaka wamharibu. Wote 5 akawazuia. Fainali wakawafunga Urusi 1 kwa 0. Akaja kubeba kombe la NHL na Detroit mwaka 2002 akiwa na 37, na akawemo tena kwenye kikosi cha 2008.

Rudisha mkanda nyuma mpaka 1993. Ukiwa wewe ndio mwenye timu, mbele yako kuna kipa wa miaka 28, mechi kacheza chache, timu 2 zimemkataa, anadaka vibaya kwa macho. Kwetu huyo angekuwa ameshaambiwa aanze kusomea ukocha.

Tim Thomas ni kisa cha aina hiyo hiyo ila kirefu zaidi kwa mateso. Mmarekani wa Flint, Michigan, kachaguliwa 1994 akiwa wa 217. Kazunguka ligi za chini, kaenda Finland, kaenda Sweden, karudi, kaenda tena Finland. NHL kaonja 2002 na Boston, kazi ya kudumu kaipata akiwa na miaka 31. Akachukua Vezina 2009, halafu msimu uliofuata akashuka, akapoteza namba kwa kijana Tuukka Rask, ikabidi afanyiwe upasuaji wa nyonga. Hapo ana 36, kila mtu mwenye akili zake angesema imetosha mzee, ahsante. Msimu wa 2010/11 akarudi na asilimia 93.8 ya kuokoa, rekodi ya ligi wakati huo, akaibeba Boston mpaka fainali na Vancouver, mechi 7, kwenye hizo mechi 7 zote kafungwa magoli 8 tu, na ya 7 yenyewe ugenini kashinda 4 kwa 0. Akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano akiwa na miaka 37. Na nisifiche upande wa pili, huyu mtu baadaye alieleza hadharani kwamba mishtuko ya kichwa ilimuumiza ubongo na maisha baada ya mchezo yalikuwa magumu mno kwake. Kazi hii inakula mwili, ukikaa golini miaka 15 unaondoka na nyonga mbovu, magoti mabovu, na wengine zaidi ya hapo.

Wakati mwingine wanakosea kwa kuamini haraka, na hii nayo ni muhimu maana sitaki mtu aseme nahubiri kumng'ang'ania kila kipa. Uteuzi wa mwaka 2000, namba moja kabisa, kijana wa kwanza kuitwa, alikuwa kipa, Rick DiPietro, akaenda New York Islanders. Mwaka 2006 wakampa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5. Majeraha yakamwandama, 2013 wakauvunja, na makubaliano ni kuendelea kumlipa milioni 1.5 kila mwaka mpaka 2029. Mwaka ule ule wa 2000, uteuzi ule ule, jina la 205 lilikuwa Henrik Lundqvist wa Sweden. Wa 205! New York Rangers walimwacha kwao Gothenburg akue, hawakumharakisha, akashinda ubingwa wa Sweden na Frölunda, akaja 2005 ana miaka 23, akadaka mpaka akafikisha ushindi mechi 459, dhahabu ya Olimpiki ya 2006 mfukoni, Vezina 2012. Kombe la NHL hakulipata, moyo ukamsimamisha 2021, na 2023 wakamwingiza kwenye ukumbi wa heshima. Watu wale wale wenye vipimo vyote, wakaweka 204 mbele yake.

Haya, kuna waliowahi. Patrick Roy alibeba kombe na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano 1986 akiwa na miaka 20 tu. Brodeur yule niliyesema, alishika namba moja New Jersey akiwa na 21 na hakuiachia, akamaliza na ushindi 691 na klinishiti 125, hizo ni rekodi na sioni wa kuzifikia. Lakini tazama Roy alikuwa na nini. Alikuwa na François Allaire, kocha wa makipa, mtu ambaye kazi yake ilikuwa makipa tu, wakakaa wakaunoa pamoja mtindo wa kupiga magoti na kutandaza miguu kulia na kushoto kuziba chini, wanauita kipepeo, ambao leo karibu kila kipa wa hoki anaucheza. Kijana wa miaka 20 kuwa tayari inawezekana, ila nyuma yake kulikuwa na mtu.

Hapo ndipo nashuka nyumbani, na hapa sina utani.

Nenda jioni kwenye viwanja vya mitaa vya Dom, Nkuhungu, Chang'ombe, Kikuyu, popote. Tafuta kipa. Utamkuta kavaa suruali mbili juu ya nyingine ili nyonga isichubuke, soksi kazikata miguu kazivaa viwikoni, glavu zimekatika vidole kashonea uzi wa viatu. Ardhi yetu unaijua, ngumu, changarawe, vumbi. Anaruka anatua kwa ubavu, anainuka anapangusa kokoto kwenye mkono, anarudi katikati ya goli. Na mazoezi yake ni nini? Mafowadi wanapanga foleni wanampigia mashuti. Kocha anaangalia mafowadi. Anamrekebisha mpigaji, inamisha mwili, usipaishe, na kipa akifungwa anaambiwa amka wewe. Jioni nzima hakuna aliyemwambia mguu wake wa kulia unachelewa, au kwamba anasimama mita moja nyuma zaidi ya inavyotakiwa. Anafanya kazi kuliko wote uwanjani na ndiye pekee ambaye hajafundishwa kitu.

Mdogo wangu kadaka timu moja ya daraja la chini hapa mkoani, timu siitaji. Mtoto mrefu, mtulivu, anasoma mchezo. Ilikuwa kipindi cha upepo, wa Julai ule unaobeba vumbi mpaka huoni goli la pili, beki wa upande wa pili kapiga mpira mrefu tu wa kuondosha hatari, upepo ukaushika, ukadunda mbele yake ukampita juu. Goli. Wakafungwa 1 kwa 0. Mechi iliyofuata hakuwemo, na iliyofuata, dirisha likafunguliwa wakaleta kipa mwingine, hakuna aliyemuita wala kumwambia lolote, kajua mwenyewe. Alikuwa na miaka 20. Leo ni fundi umeme mzuri na namheshimu kwa hilo, ila kila nikisoma mwaka wa 28 wa Hasek roho inaniuma, maana yule dogo hakuna anayejua angekuwa nani kwenye miaka 28, sisi hatukutaka kujua.

Na tazama sasa wakubwa wetu wanafanyaje. Yanga walipotaka kipa wa uhakika 2021 walikwenda Mali wakamchukua Djigui Diarra kutoka Stade Malien, ana miaka 26. Usajili mzuri, sina neno, na Diarra kawalipa. Lakini nini walichonunua pale? Walinunua miaka ya watu wa Bamako waliyotumia kumsubiri, kumrekebisha makosa, kumrudisha golini. Uvumilivu ambao sisi hatuutoi tunaununua ukiwa tayari, kwa pesa, halafu tunashangaa mbona vijana wetu hawakui.

Tunaye wetu pia ambaye angetufundisha kama tungekuwa tunasikia. Juma Kaseja 2003 alikuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi, kwa penalti kule Cairo, kijana wa miaka 18. Mwaka 2019, miaka 16 baadaye, watu wameshamzika kimpira, yuko KMC, akaitwa Taifa Stars mechi ya Burundi ya kufuzu Kombe la Dunia, ana miaka 34. Tukaenda penalti, Kaseja golini, tukavuka. Kati ya miaka hiyo 16 ni mara ngapi alisemwa kaisha? Waliokuwepo wanakumbuka.

Kingine ambacho hoki wanakielewa ni kipa wa pili. Kule kila timu kati ya 32 za NHL inabeba makipa wawili na wote wanadaka, kocha anapanga kabisa nani mechi ipi, wa pili anajua Alhamisi zamu yake. Tena wakaweka na wa dharura, lazima awepo kipa wa akiba wa kuitwa timu ikiishiwa makipa. Tarehe 22 Februari 2020 pale Toronto makipa wote wawili wa Carolina waliumia mechi moja, wakamwita David Ayres, miaka 42, mtu aliyekuwa anaendesha mashine ya kulainisha barafu, anaishi na figo aliyopewa na mama yake. Mashuti mawili ya kwanza yote yakaingia. Mawili kati ya mawili. Kwa utaratibu wetu huyo kesi imeisha. Wachezaji wenzake wakati wa mapumziko wakamwambia wasiwasi wa nini, cheza tu, akaokoa 8 yaliyofuata yote, Carolina wakashinda 6 kwa 3.

Kwetu kipa namba 2 anapasha joto benchi msimu mzima, anadaka kombe la FA raundi za mwanzo akibahatika, halafu namba 1 anaumia mwezi wa 4 timu inapigania kutoshuka, anaingizwa pale uwanja wa Jamhuri mbele ya watu waliochoka, anafungwa, tunapiga kelele tunataka wa tatu. Kipa anayekaa miezi 7 bila mechi ana haki gani ya kuwa sawa siku hiyo? Mpeni mechi 6 au 8 zilizopangwa kabla ligi haijaanza, zilizoandikwa, ajiandae nazo.

Najua jibu linalokuja, pesa. Igor Shesterkin wa Rangers kasaini Desemba 2024 mkataba wa dola milioni 92 kwa miaka 8, na sisi kuna timu zinahangaika nauli ya kwenda Kagera. Sawa, lakini kuhesabu mashuti hakuna gharama. Daftari na kalamu. Shuti limetoka ndani ya boksi au nje, limelenga au halikulenga, kipa kadaka, katema au kafungwa, mpira wa juu katoka au kabaki. Mtu mmoja jukwaani anaweza. Kocha wa makipa wa nusu muda naye sio bei ya kutisha, wapo makipa waliostaafu hapa hapa Dom wanaoshinda vijiweni na maarifa yao yote kichwani, mpeni mmoja nauli na posho aje mara 2 kwa wiki akae na makipa watatu wa timu pembeni, mbali na mafowadi. Na mkataba wa kipa chini ya miaka 23 uwe wa miaka 3, sio mwaka mmoja wenye kipengele cha kuvunja kila Januari.

Mimi msimu ujao mechi zote za Dodoma Jiji za nyumbani nitahesabu, makipa wa pande zote mbili, na namba nitakuwa natoa kila baada ya mechi 5. Mdau wa Dom anayekwenda Jamhuri na yuko tayari kushika daftari la pili, maana jicho moja linapitwa, anitafute tupangane kabla ratiba haijatoka.